Mali Bila Daftari: Namna ya Kupanga Mazungumzo ya Mradi wa Programu Huria

Kikoba kinapogawana faida mwishoni mwa mwaka, mara nyingi hesabu haiishi sawasawa: kila mwanachama hupata fungu lake kwa hisa alizonunua, na chini hubaki shilingi kadhaa zisizogawanyika. Miaka michache iliyopita nilikuwa mmoja wa watu watano tuliokuwa tukiandika programu huria ya kutunza hesabu za vikundi hivyo. Tulibishana jioni nzima juu ya shilingi hizo, kwa ujumbe wa sauti, katika kundi letu la WhatsApp. Mwishowe tukakubaliana ziingie mfuko wa jamii, kama makatibu wengi tuliowajua walivyokuwa wakifanya kwenye madaftari yao. Msimbo ukaandikwa hivyo, tukalala.

Baada ya miezi minane akajiunga kijana hodari. Akapitia msimbo, akakuta mstari unaohamisha shilingi chache kwenda mfuko wa jamii bila maelezo yoyote. Akadhani ni kasoro, akaurekebisha kwa nia njema kabisa. Toleo jipya likawafikia makatibu, na siku ya kugawana fedha hesabu ya simu ikapingana na hesabu ya daftari. Wapo makatibu waliotuhumiwa wizi mbele ya majirani zao. Tulipotaka kumwonyesha kijana makubaliano yetu, hatukuwa na cha kumwonyesha. Wawili kati yetu walishabadilisha simu, na waliobaki hakuna aliyejua ujumbe ule uko wapi katikati ya mamia mengine. Kijana hakukosea. Sisi ndio tulioyaweka makubaliano mahali asipoweza kufika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mradi wa programu huria, mali inayopotea upesi ni sababu. Msimbo unaonyesha kinachofanyika, lakini kwa nini kinafanyika hivyo na si vinginevyo, hilo hukaa katika mazungumzo ya watu. Wewe uliye na mradi, au unayefikiria kuanzisha, naomba uyape mazungumzo yake uangalifu uleule unaoupa msimbo. Haya ndiyo niliyojifunza, kwa makosa yetu na kwa kuitazama miradi iliyotutangulia.

Pima umri wa maneno

Wengi huanza kwa kuuliza: tutumie WhatsApp, Telegram, Discord au barua pepe? Swali hilo lije baadaye. La kwanza ni hili: maneno haya yanatakiwa kuishi muda gani?

Yapo maneno ya saa moja. "Nani yupo hewani?" "Seva imelala, au ni mtandao wangu?" "Hongera kwa toleo jipya!" Kesho hakuna atakayeyahitaji, na yakifutika hakuna hasara. Yapo maneno ya wiki au mwezi: hitilafu iliyoripotiwa, kazi aliyopewa mtu, tarehe ya toleo lijalo. Haya yanahitajika mpaka kazi iishe, na baada ya hapo ni kumbukumbu tu. Yapo pia maneno ya miaka: tumechagua leseni gani na kwa nini, tarehe zinahifadhiwa vipi, shilingi zinazobaki zinaenda wapi. Anayeyahitaji zaidi haya ya mwisho ni mtu ambaye bado hajajiunga.

Mvurugano huanza pale maneno ya miaka yanaposemwa mahali pa maneno ya saa moja. Kundi la simu hutiririka. Halisomeki na aliye nje, injini za utafutaji hazilioni, na ndani yake uamuzi mzito unapita kati ya salamu za asubuhi na picha za harusi. Sisemi kundi la simu ni baya. Miradi mingi ya kwetu imezaliwa humo, na undugu wa kazi hujengwa humo. Nasema lipewe maneno ya umri wake.

Vyumba vinne vinatosha kuanzia

Linus Torvalds alipotangaza kazi yake, iliyokuja kuwa Linux, tarehe 25 Agosti 1991, hakufungua baraza jipya. Aliandika ujumbe mmoja katika kundi la majadiliano ambalo watumiaji wa mfumo wa Minix walikuwa nalo tayari, akawauliza wanapenda nini na hawapendi nini katika mfumo huo. Leo kiini cha Linux kina orodha nyingi za barua pepe, karibu kila sehemu na yake, na faili liitwalo MAINTAINERS linaloeleza sehemu ipi ina watunzaji gani na mjadala wake upelekwe orodha ipi. Msongamano ndio uliozaa mgawanyo huo, hatua kwa hatua. Mradi wa watu watano wenye vyumba kumi na viwili vya Discord una vyumba kumi na kimoja vitupu, na mgeni anayechungulia kimya hicho hudhani mradi umekufa.

Kwa mradi mchanga, vyumba vinne vya mazungumzo vinatosha.

Cha kwanza ni orodha ya kazi, iliyo pamoja na msimbo katika GitHub, GitLab au popote ulipouweka. Humo huingia hitilafu na mapendekezo yenye umbo la kazi: kitu kinachoweza kuanzwa na kumalizwa. "Kitufe cha kuhifadhi hakifanyi kazi kwenye simu za zamani" ni kazi. "Je, tuhamie hifadhidata nyingine?" ni mjadala, na ukiuacha humo utakaa wazi miaka miwili ukiwakatisha tamaa wanaoupitia.

Cha pili ni baraza la mijadala: orodha ya barua pepe au jukwaa lenye nyuzi, linalosomeka na yeyote bila kujisajili. Watumiaji wa JamiiForums hawahitaji kufundishwa uzi ni nini: mada moja, kichwa kinachoeleweka, majibu chini yake. Huo ndio ubora wake mkubwa kuliko kundi la simu, kwamba mada mbili hazigongani na ya mwaka juzi bado inatafutika. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, una wachangiaji katika mabara kadhaa, na mijadala yao hukutana katika jukwaa la wazi la namna hii.

Cha tatu ni gumzo. Hapa weka WhatsApp, Telegram, Zulip, Matrix au chochote ambacho watu wako wanacho tayari. Angalia jambo moja kabla ya kuchagua: katika kundi la WhatsApp, kwa kawaida namba ya simu ya kila mwanachama huonekana na wenzake. Katika kundi la marafiki watano si neno. Katika kundi lililo wazi kwa dunia nzima, wapo dada zetu watakaotafutwa faraghani na watu wasiowajua, na wataondoka kimyakimya bila kukueleza sababu. Gumzo la wazi lifanyike mahali ambapo jina la kujichagulia linatosha.

Cha nne ni mlango wa faragha: anwani ya barua pepe ya mradi, inayosomwa na watu wawili au watatu wanaotajwa wazi. Huingia humo mambo ya aina mbili tu, yaani udhaifu wa usalama ambao haujazibwa na malalamiko juu ya mwenendo wa mtu. Wawe angalau wawili, ili anayemlalamikia mmoja wao awe na wa kumwendea. Kila kingine kijadiliwe barazani. Mradi ambao watunzaji wake huamua mambo ya kawaida faraghani, kisha wakawaletea wengine hukumu, utabaki na watumiaji bila wachangiaji.

Watumiaji wakiongezeka, chumba cha tano hujitokeza chenyewe: cha maswali ya matumizi. Katibu wa kikoba anayeuliza jinsi ya kumwongeza mwanachama hapaswi kupita katikati ya mabishano ya hifadhidata ili apate jibu. Debian imetenganisha mambo haya kwa muda mrefu, orodha ya watumiaji kivyake na ya watengenezaji kivyake, na kila upande unazungumza lugha yake kwa raha.

Uamuzi uandikwe, tena upewe muda

Mwaka 1995 watu wachache waliokuwa wakibadilishana marekebisho ya seva ya wavuti waliunda orodha ya barua pepe, na kutoka kwao ikazaliwa Apache. Walikuwa wa kujitolea, walikaa mbali mbali, na kila mmoja alikuwa na kazi nyingine ya mchana. Kutokana na hali hiyo jamii ya Apache ikajenga desturi inayofuatwa mpaka leo: jambo lisilofika kwenye orodha halikutokea. Wawili wanaweza kukutana mkahawani, wakabishana, wakapatana. Lakini mpaka wayalete makubaliano yao barazani na wengine wapate nafasi ya kusema, hakuna kilichoamuliwa.

Desturi ya pili ya Apache ni kuuacha mjadala wa kura wazi kwa saa 72 kwa uchache. Saa hizo ni heshima kwa mtu mwenye zamu ya usiku, kwa aliyekatikiwa umeme, kwa mwenye mtihani kesho. Kwa mambo madogo hawapigi kura. Mtu hutangaza anachokusudia, kimya huchukuliwa kuwa ridhaa, naye anaendelea. Desturi hizi mbili hazina gharama, na mradi wa watu watano unaweza kuzianza leo.

Python inatufundisha jambo jingine. Tangu mwaka 2000 mabadiliko makubwa ya lugha hiyo hupitia waraka wenye namba uitwao PEP, unaoeleza tatizo, pendekezo na sababu, na mara nyingi una sehemu ya mawazo yaliyokataliwa. Sehemu hiyo ni ya thamani mno. Wazo lililokataliwa bila maandishi hurudi kila mwaka na mtu mpya, na kila mara wazee wa mradi huchoka zaidi na kujibu kwa ukali zaidi. Likiandikwa, mgeni anapewa kiungo, anasoma, na pengine analeta sababu mpya ambayo haikuwahi kufikiriwa.

Huhitaji utaratibu mzito wa Python. Sisi tuliweka faili moja tu ndani ya hazina ya msimbo, jina lake MAAMUZI. Kila uamuzi una mistari mitano: tarehe, swali, tulichoamua, tulichokikataa na kwa nini, na kiungo cha uzi wa mjadala. Anayeuanzisha mjadala ndiye anayeufunga kwa kuandika mistari hiyo. Kwenye gumzo tukawa na neno letu: mtu akiona mazungumzo yanaelekea kwenye uamuzi, husema "lipeleke barazani", na hakuna anayechukia.

Saa, bando na lugha

Miradi yetu ina mambo yake ambayo miongozo iliyoandikwa kwingine haiyagusi.

La kwanza ni saa. Ukiandika "tukutane saa nne", Mswahili atakuja saa nne asubuhi, na mchangiaji wa Ujerumani ataandaa saa kumi jioni. Andika 10:00, kisha taja ni saa za wapi: Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni UTC+3, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni UTC+2, Muscat ni UTC+4.

La pili ni bando. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kummalizia mwanafunzi bando la wiki, na asiposema utadhani hana hamu. Maandishi ni mepesi, na barua pepe ikishashushwa husomeka hata mtandao ukikatika. Kwa hiyo mkutano wa sauti uwe wa kujuana na kukwamuana, na muhtasari wake uandikwe barazani ndani ya siku moja, uamuzi ukisubiri maoni ya wasiokuwepo. Ujumbe wa sauti nao ni mtamu kwa anayeutuma tu. Hautafutiki, na asiyesikia vizuri huachwa nje. Mwenye mikono iliyochoka anaweza kuutumia kwenye gumzo, ila asiutumie kutoa hoja ya kudumu.

La tatu ni lugha. Sema wazi lugha ya kila chumba. Mradi unaowahudumia Waswahili na kujadiliwa kwa Kiingereza peke yake huwafungia nje wale wanaojua zaidi: mhasibu wa kikoba, muuguzi wa zahanati, mwalimu wa shule ya msingi. Tulichokifanya sisi ni kuruhusu ripoti za hitilafu kwa Kiswahili au Kiingereza, na kila uamuzi kufupishwa kwa lugha zote mbili. Na anayekosea kisarufi katika lugha yoyote asisahihishwe hadharani. Amekuja kuleta hitilafu, hakuja kufanya mtihani.

Nani ameshika funguo?

Kwa miaka mingi mamia ya miradi huria ilifanyia mazungumzo yake katika mtandao wa gumzo wa Freenode. Mwezi Mei 2021 ulizuka mgogoro wa umiliki, wengi wa wasimamizi wa kujitolea wakajiuzulu, na tarehe 19 mwezi huo wakafungua Libera Chat. Miradi kama Ubuntu na Wikimedia ikahama. Mamia ya vyumba vilivyotaja makao mapya vikachukuliwa na uongozi wa Freenode, na mwezi Juni usajili wa akaunti na vyumba ukafutwa wote. Waliokuwa na kumbukumbu zao kwingine walihama kwa usumbufu wa siku chache. Ambao hawakuwa nazo walipoteza zaidi ya anwani.

Tukio jingine lilikuja kwa utulivu. Tangu Septemba 2022, mpango wa bure wa Slack huonyesha mazungumzo ya siku 90 tu. Mradi uliokuwa umeifanya Slack kuwa maktaba yake uliamka maktaba ikiwa imefungwa kwa ndani.

Basi jiulize maswali matatu juu ya kila chumba ulicho nacho. Je, tunaweza kutoa nakala ya mazungumzo yote na kuondoka nayo? Je, wapo angalau watu wawili wenye funguo za usimamizi? Je, anwani tunayoitangaza ni ya mradi au ya mtu binafsi? Nimeona kundi la watu zaidi ya mia tatu likikosa wa kumwondoa tapeli kwa sababu admini pekee alikuwa amepoteza laini yake. Ukitangaza viungo vya vyumba vyako kupitia ukurasa mmoja ulio mikononi mwa mradi, siku ya kuhama utabadilisha ukurasa mmoja tu.

Adabu ya baraza

Vyumba vizuri visivyo na adabu hukimbiwa. Mwaka 2018 Torvalds mwenyewe, ambaye ukali wake katika orodha ya Linux ulijulikana duniani, aliomba radhi hadharani, akapumzika kwa muda, na mradi ukapokea kanuni mpya za mwenendo. Kanuni zako zinaweza kuwa fupi, mradi zitaje nani atachukua hatua na hatua zenyewe ni zipi. Kanuni bila msimamizi ni karatasi.

Adabu inamlinda mgeni, na inamlinda pia mtunzaji. Mwaka 2022, katika orodha ya barua pepe ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotegemewa na mifumo mingi ya Linux, akaunti kadhaa zilimwandama mtunzaji kwa lawama kwamba anachelewa na kwamba akabidhi kazi. Alikuwa amechoka, na hakuna aliyesimama kuzinyamazisha. Aliyepewa nafasi baada ya hapo ndiye baadaye aliyepenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi Andres Freund aliugundua baada ya kushuku kuchelewa kwa chini ya sekunde moja wakati wa kuingia kwenye seva. Akawaarifu kwanza wahusika faraghani, kisha tarehe 29 Machi 2024 akautangaza katika orodha ya oss-security.

Tazama kazi ya kila chumba hapo. Mlango wa faragha ulitoa muda wa kuzuia madhara. Orodha ya wazi iliuamsha ulimwengu mzima kwa siku moja. Na kwa kuwa mazungumzo ya 2022 yalikuwa yamehifadhiwa hadharani, watu waliweza kurudi nyuma na kuona jinsi shinikizo lilivyojengwa. Lililokosekana ni sauti ya mtu mmoja barazani kusema: mwacheni apumue, na anayetaka haraka alete msaada. Sauti hiyo haihitaji cheo. Iwe yako.

Kufungua na kufunga chumba

Fungua chumba kipya watu wanapolalamika kwamba mada fulani inawasumbua, na mada hiyo ikiwa na watu watatu walio tayari kuisimamia. Funga chumba kilichokaa miezi mitatu bila mjadala, kwa kuandika ujumbe wa mwisho unaosema mazungumzo yamehamia wapi. Usikifute, ili anayefuata kiungo cha zamani akute ishara, asikute ukuta.

Kila baada ya miezi sita mwombe mtu asiyeujua mradi wako, ndugu au jirani, aanzie kwenye ukurasa wa kwanza na atafute mambo matatu: pa kuuliza swali, pa kuripoti hitilafu, na sababu ya uamuzi mmoja wa zamani. Kaa pembeni bila kumsaidia. Mgeni njoo, mwenyeji apone: atakapokwama ndipo pa kurekebisha.

Anza wiki hii

Kama tayari una kundi la simu lililojaa kila kitu, usilivunje. Siku ya kwanza, andika katika faili la README aya moja inayotaja vyumba vyako, kazi ya kila kimoja na lugha yake. Siku ya pili, fungua faili la MAAMUZI na uandike maamuzi matano unayoyakumbuka, hata kama sababu zake ni nusu. Siku ya tatu, weka anwani ya faragha na majina ya wanaoisoma. Siku ya nne, mpe mtu wa pili funguo. Kisha subiri mjadala wa kwanza wenye uzito utokee kwenye gumzo, na useme kwa upole: lipeleke barazani. Utalisema mara ishirini kabla halijawa desturi. Usichoke.

Katika faili letu la MAAMUZI, namba moja ni ile ya shilingi zinazobaki, na mstari ule wa msimbo sasa una maelezo yanayoelekeza huko. Mwandishi wake ni yule kijana. Juzi mchangiaji mpya aliuliza kama mstari huo ni kasoro. Alijibiwa kwa kiungo, akasoma, kisha akaandika kwamba katika vikundi vya kwao shilingi hizo hubaki kwa mzunguko unaofuata. Sasa tuna uzi mpya barazani, na saa 72 zinahesabiwa.